Inchi Arobaini na Tatu

Siku Abigaïl, binti wa darasa la sita, alipomfunga Muyisa mabao matano kwa moja, Kaswera aliiacha suruali ya mteja kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado, akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha michezo.

Chumba chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao, kando ya barabara ya vumbi huko Ruwenzori, mjini Beni: kompyuta moja, skrini ndogo iliyopasuka kona, manete mbili za kushika mkononi na kuchezea na mabenchi matatu. Lakini ndicho kilichokuwa kikiilisha nyumba. Vijana walilipa kucheza mpira wa kompyuta dhidi ya Muyisa, mtoto wa Kaswera mwenye miaka ishirini, na sheria ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani: anayemshinda mwenye nyumba anacheza mechi inayofuata bure. Mwaka mzima sheria hiyo ilikuwa mtego mtamu, maana Muyisa alikuwa hashindwi. Sasa alikuwa anashindwa na kila mtu. Chumba kilijaa watu, na kopo la pesa lilikuwa tupu.

"Tano kwa moja!" Abigaïl alipaza sauti. "Nacheza tena bure!"

"Njo sheria," Muyisa alikubali bila kugeuka. Alikuwa ameinamia skrini, pua yake karibu iguse kioo, na nusu ya uwanja imefichwa na nywele zake.

"Muyisa, toa kichwa!" walilalamika wa nyuma. "Tunaangalia mupira ao tunaangalia kichogo?"

Kaswera alimwita mwanawe nje. Hakutaka kumwaibisha mbele ya watoto, ingawa watoto walikuwa wamekwisha kumwaibisha vya kutosha.

"Ni nini sasa? Mutoto wa shule anakupiga tano?"

"Mama, écran njo mubaya, ile skrini. Ni kadogo, na haina qualité. Angalia kwa Timothée, kule ng'ambo. Ameleta moja kubwa, batu banaona mpaka jasho ya mucezaji. Mimi niko nacheza mu moshi."

Kaswera alitazama ng'ambo ya barabara. Kweli, kwa Timothée kulikuwa na foleni, na foleni ile ilikuwa ya watu wanaolipa. Akarudi kwenye cherehani yake na kukuta mke wa mchungaji anamsubiri, sketi nyeusi mkononi, uso umekunjwa.

"Mama Muyisa, uliishona na uzi ya bleu. Sketi ya kilio! Niende ku kilio na uzi ya bleu?"

"Ni hii lampe," Kaswera alisema, akinyooshea balbu kidole. "Siku hizi inawaka mubaya. Niachie, nitaitosha yote, nishone tena."

Kila kitu nyumbani mle kilikuwa kinalaumiwa ila watu wenyewe.

*

Zamu yake ya likelemba ilifika wiki hiyo. Walikuwa washonaji kumi na wawili, kila mwezi wanachanga na mmoja wao anabeba kapu lote, na Kaswera alikuwa amesubiri mwaka mzima ili abadilishe mabati ya paa. Dola mia tatu na arobaini. Alizifunga kwenye kitambaa, akakikalia, kisha akamwambia mumewe kwamba paa litavuja mwaka mwingine mmoja.

Mathe hakubisha. Alikuwa na shamba zuri la kakao upande wa Mbau, lakini kwa sababu ya wenye bunduki njia ya kwenda huko ilikuwa imekuwa ya kwenda bila uhakika wa kurudi, na tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa kibarazani na kusalimia wapita njia. Ilimuuma kula chakula kilichopatikana kwa mchezo wa kompyuta. Miezi ya kwanza alikuwa hata haingii chumba kile, akikiita "kule kwa batoto." Lakini habari ya skrini mpya ilimwamsha. Alitafuta mbao, akaazima randa, na kwa siku mbili akatengeneza meza ya kuiwekea, ndefu na imara hata ungeweza kumlaza juu yake mtu mzima.

"Munanunua ile kubwa kabisa," alimwambia mkewe asubuhi ya safari, akiwa bado anapiga msasa. "Ile mutu akiangalia anafikiri mupira itamugonga mu uso. Timothée afunge mulango."

"Papa Muyisa, hatuna makuta, hatuna pesa ya kumufungisha mutu mulango."

"Mais meza iko tayari," alisema Mathe, kana kwamba hilo lilimaliza hoja. Na mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa.

*

Wafanyabiashara wa Beni wenyewe huenda kununua Butembo, kwa hiyo Kaswera na Muyisa nao walikwenda Butembo. Duka la Vagheni lilikuwa mtaa wa Vulamba, na Vagheni alikuwa mzee mnene mpole, aliyevaa koti zito hata ndani ya duka kwa sababu ya baridi ya mji wake. Skrini zilijaa ukuta mzima, zote zinawaka, zote zinaonyesha maua na maji yanayoteremka.

Muyisa alisimama katikati akiwa na furaha ya mtu aliyeingia kanisani siku ya Noeli. Alitaja majina ya vitu bila kukwama. Alitaka 4K. Alitaka pouces hamsini, yaani inchi, au zaidi.

"4K ni nini?" Kaswera aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, wewe unashonaka. Ukitia fulere, ua, mu kitambaa na uzi munene, fulere inaonekana, mais ukikaribia unaona matobo. Ukitia na uzi mwembamba, points mingi mingi, hata ukikaribia fulere ni fulere. 4K njo ile ya points mingi."

Hapo Kaswera alielewa, na akaona fahari. Mwanawe alijua kueleza.

Vagheni hakuwa na haraka ya kuuza. "Na ordinateur yenu, ile kompyuta, iko na nguvu gani?" aliuliza. "Juu écran ya 4K inakula nguvu. Machine ikikuwa zaifu, bacezaji batatembea kama batu babebeshwa magunia. Kijana, kwa mechi za mupira, Full HD inatosha. Nakusemea kweli, na niko naharibu biashara yangu."

"Hapana. Nataka 4K," Muyisa alisema. "Na kubwa. Hata machine ikiteseka."

"Utaicheza polepole?"

"Kubwa, Papa Vagheni. Ya kubwa."

Pesa zilifika kwenye ile ya inchi arobaini na tatu tu. Vagheni aliishusha kutoka ukutani, akaiweka juu ya kaunta. Kaswera, kama kawaida ya kazi yake, alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Hanunui kitambaa bila kukipima. Amewahi kuuziwa yadi sita zilizokuwa tano na nusu, na tangu siku hiyo hamwamini muuzaji anayekuja na kipimo chake mwenyewe. Aliuvuta utepe, akaulaza juu ya kioo kutoka kushoto hadi kulia, akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali, akasoma.

"Makumi tatu na saba," alisema.

Akapima tena. Makumi matatu na saba na kitu kidogo.

"Papa Vagheni," alisema, na sauti ikapanda, "hii muliandika makumi ine na tatu. Pouces sita ziko wapi? Mumezikata?"

Wateja waligeuka. Vagheni alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchemsha.

"Unacheka? Sisi tunatoka Beni na baridi na vumbi, tunaleta makuta ya likelemba, makuta ya bamama kumi na mbili, na wewe unatukata pouces sita mbele ya macho! Mwizi mwenye koti!"

"Mama," Muyisa alinong'ona, "mama, acha."

"Siachi! Wewe unayeijua 4K, kupima haujui?"

Vagheni alinyoosha mkono kwa heshima, akaomba utepe. Aliushika kwenye kona ya chini, kushoto, akaupeleka mpaka kona ya juu, kulia, mshazari. Akamwonyesha. Arobaini na tatu, pungufu ya unyuzi.

"Écran inapimwaka kona kwa kona, mama. Dunia yote. Hata mimi mwanzo nilipima kama wewe, nikamutukana Muhindi wa Kampala."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na kijana mmoja kule nyuma akasema, "Mama alitaka kushonea écran kanzu!" Kaswera alizungusha utepe shingoni polepole, kama mtu anayevaa tena nguo aliyovuliwa hadharani.

"Unisamehe, papa," alisema. "Nimezoea bitambaa."

"Hakuna kosa. Ukinunua bila kupima njo ungenishangaza." Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akataka kumpumzisha kwa kuyahamisha macho ya watu. "Kijana, njoo. Tuonyeshe mama juu ya nini analipa. Hizi mbili ni sawasawa ukubwa. Moja ni 4K, moja ni ya zamani, points yake kidogo. Ninaweka mechi moja mu zote mbili. Umwambie mama ni gani iko muzuri."

Mpira ukaanza kuchezwa kwenye skrini zote mbili. Hata Kaswera, ambaye macho yake hayakuwa ya kusifiwa, aliona: upande mmoja uwanja ulikuwa hai, upande mwingine ulikuwa kama umefuliwa kwa jiki.

Muyisa alitazama moja. Akatazama ya pili. Akanyoosha kidole kwenye ile ya zamani.

Kicheko kikarudi. "Huyu ndiye mtaalamu!" mtu alisema. Vagheni alidhani ni mzaha. "Usimuchezee mama yako," alisema. "Haya, score ni ngapi? Imeandikwa pale juu, kubwa hivi."

"Mbili kwa moja," alisema Muyisa haraka.

Skrini ilikuwa imeandika sifuri kwa sifuri. Mechi haikuwa na dakika moja.

Safari hii Kaswera hakusikia vicheko. Alimwangalia mwanawe, jinsi alivyoinua kidevu na kukaza macho, jinsi alivyokuwa anatabasamu kuelekea mahali ambapo Vagheni hakuwa amesimama. Baridi ya Butembo ikamwingia mpaka mifupani.

"Tunatoka kidogo," alisema. "Tunarudi."

*

Nyuma ya duka kulikuwa na ukuta na ngazi mbili za saruji. Kaswera alimketisha Muyisa kwenye jua. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, mahali inapokaa siku zote, akakata uzi mweusi kwa meno.

"Nitilie uzi."

Hiyo ilikuwa kazi ya Muyisa tangu ana miaka mitano. Kila asubuhi, kabla ya shule, alikuwa akimtilia mama yake uzi kwenye sindano kumi na kuzichoma zote kwenye kipande cha godoro, mama azitumie siku nzima. Sasa Kaswera alijiuliza ni lini ile kazi ilikoma, akakumbuka: kabla ya mvua. "Mama, niko na kazi, utie wewe mwenyewe," alimjibu siku moja, naye akadhani ni ukubwa, vijana wakikua ndivyo walivyo.

Muyisa alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, kama alivyofundishwa. Uzi ukapita kando ya sindano. Akajaribu tena. Ukapita upande wa pili. Mara ya tatu alijichoma kidole, akaendelea kujaribu, damu kidogo juu ya uzi, mpaka mama yake akamshika mikono yote miwili.

"Tangu lini?"

"Pasaka. Kwanza ya kushoto. Sasa zote. Iko kama mutu ametia maziwa mbele yangu. Mu jua inazidi."

"Na haukusema!"

"Ningesema nini?" Aliugeuza uso kutoka kwenye jua. "Papa ashapotesha shamba. Mimi nipoteshe macho? Tutakula nini? Nilikuwa nacheza na masikio, mama. Nilijua bouton za manete, nilijua sauti ya batu. Nilifikiri écran ikikuwa kubwa sana, sana, itatosha."

Kaswera alilia pale pale, waziwazi, bila kujificha kwa kitenge. Alimlilia yeye, na alijililia pia, kwa kuwa miezi yote hiyo alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwa mtoto anayepofuka, na alichokiona ni foleni ya Timothée.

Kisha akajifuta, akarudi dukani. Hiyo ilikuwa aibu ya pili ya siku ile, na aliibeba kwa miguu yake mwenyewe.

"Hatununue, Papa Vagheni."

"Mama, kama ni juu ya kupima, usikasirike. Nitapunguza."

"Haiko juu ya kupima. Mutoto haonake."

Vagheni alizima skrini ile, kwa adabu, kama mtu anavyozima redio akiletewa habari ya msiba. "Muende leo leo ku hospitali, pale banatunza macho," alisema. "Mbele ya saa sita. Kisha saa sita habapokee tena." Akatoka mwenyewe, na koti lake, akawasimamishia pikipiki na kumwambia dereva aende polepole.

"Wasingya," Kaswera alimshukuru kwa Kinande.

*

Daktari alikuwa mwanamke mdogo asiyepoteza maneno. Alimulika jicho la kushoto, akamulika la kulia, akauliza kama kijana alikuwa anatumia dawa yoyote.

"Matone," Muyisa alisema. "Macho ilikuwa inawasha juu ya vumbi. Natiaka kila siku, mwaka muzima."

Alikuwa na kichupa mfukoni. Daktari alikisoma, akavuta pumzi.

"Hii si dawa ya kutia mwaka mzima. Inatuliza, lakini polepole inafunika jicho kwa ndani. Ni nani alikuwa anamupa?"

"Ni mimi," Kaswera alisema. "Ku marché, kule soko. Kila mwezi. Sikumukosesha hata mwezi moja."

Daktari hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza. Alisema tu kwamba utando ule unaondolewa kwa operesheni na jicho kuwekewa lensi ndogo. Kwamba waanze na la kushoto kesho kutwa, la kulia baada ya miezi michache. Na akataja bei. Kaswera alifungua kitambaa. Ilitosha jicho moja, na chakula, na nauli ya kurudi.

Alimpigia Mathe simu akiwa kwenye korido.

"Mumenunua?" Mathe alidakia. "Niko na batu hapa, banataka kujua ni pouces ngapi."

"Papa Muyisa, makuta tunatia mu macho."

"Macho ya nani?"

"Ya mutoto. Écran haikukuwa na kosa. Ni yeye haonake."

Kaswera aliwasikia watu kibarazani wakiendelea kucheka jambo fulani. Kisha akamsikia mumewe akiwaambia, taratibu, kwamba waende nyumbani kwao.

"Niko hapa kila siku," Mathe alisema hatimaye. "Mita tano na yeye. Nilikuwa naangalia barabara."

"Hata mimi."

"Mama Muyisa. Meza itangoja. Utie yote."

*

Walirudi Beni baada ya siku tisa. Muyisa alishuka garini akiwa na kofia pana na jicho moja jipya, akawa anasoma kwa sauti kila kibao alichokiona, hadi bei za mahindi. Alipomwona baba yake alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Papa, umekonda," na Mathe akageuka kujifanya anatafuta kitu.

Chumba cha michezo kilikuwa kimefagiliwa. Juu ya ile meza kubwa Mathe alikuwa ameweka skrini ndogo ya zamani, imekaa pale katikati kama kifaranga kwenye kitanda cha bwana arusi. Ilichekesha, na hakuna aliyecheka. Muyisa alivuta kiti, akakiweka mbali, hatua mbili nzima kutoka kwenye kioo, na waliokuwa kwenye mabenchi nyuma yake wakauona uwanja wote kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Abigaïl alikuwa wa kwanza kushika manete ya pili. Alifungwa nne bila, akalipa, akaomba tena, akafungwa, akalipa.

Kaswera alikuja kusimama mlangoni kusikiliza noti zikiingia koponi. Mkononi alikuwa na sketi nyeusi ya mke wa mchungaji, aliyokuwa ameifumua na kuishona upya kwa makini yake yote.

Muyisa aligeuka, akamwona, akaishia kuitazama sketi.

"Mama. Hiyo uzi ni bleu."

"Ni nyeusi. Niliitosha ile ya bleu nikatia nyeusi."

"Ulitosha bleu, ukatia tena bleu."

Kaswera aliinua sketi kwenye mwanga. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Ni hii lampe," alianza kusema, akaisogeza tena karibu.

Muyisa aliweka manete chini. Hakuwa na uso wa kucheka. "Njoo hapa, mama," alisema kwa upole, akiizungusha skrini kidogo upande wake. "Uniambie tu. Score ni ngapi?"

"Hii? Ni rahisi." Kaswera alikaza macho. Alisogea hatua moja. Akasogea nyingine. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake na kugonga meza. "Ngojeni kwanza, hawa batoto banakimbia sana," alisema, na sasa pua yake ilikuwa karibu iguse kioo.

Kwenye mabenchi yote matatu watu walinyoosha shingo. Ni Abigaïl peke yake, ambaye alikuwa amelipa pesa yake kama watu wengine, aliyesema kwa heshima zote:

"Mama Muyisa, toa kichwa."